Kama hakuna chama kitakachovuka nusu: kura yako inahesabiwaje, na uamueje?

Septemba 2025, wenzetu wa Malawi walipokuwa wakisubiri matokeo ya uchaguzi wao mkuu, simu za kipindi chetu cha asubuhi hazikukatika. Nyingi zilitoka mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, ambako watu wana ndugu na wateja ng'ambo ya maji. Karibu wote walikuwa wamesikia neno lilelile: asilimia hamsini jumlisha moja. Msikilizaji mmoja wa Liuli akauliza, "Mtu ameongoza, wote wako nyuma yake, mnasemaje bado hajashinda? Na sisi huku sheria yetu ni ipi? Na mimi mwenye kura moja nifanyeje kama chama changu ni cha tatu?"

Hewani tulikuwa na dakika nne tu. Maswali hayo hayatoshi dakika nne, ndiyo maana tumeyaandika hapa, uyasome taratibu na umsomee jirani yako.

Kuongoza na kuvuka nusu ni vitu viwili

Tuseme chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, huko Mbinga kina wanachama 100 na kinachagua mwenyekiti. Wamejitokeza watu watatu. Wa kwanza anapata kura 40, wa pili 35, wa tatu 25.

Kama kanuni yao inasema mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi, kazi imekwisha. Wa kwanza ni mwenyekiti, ingawa wanachama 60 hawakumtaka. Lakini kama kanuni inasema mshindi lazima avuke nusu, hapo hakuna aliyeshinda. Wawili wa juu wanarudiwa, na wale 25 waliompigia wa tatu ndio wenye neno. Ishirini wakienda kwa wa pili na watano kwa wa kwanza, hesabu inakuwa 55 kwa 45, na mwenyekiti anakuwa mtu mwingine kabisa. Wanachama ni walewale na hakuna aliyebadili moyo. Kilichobadilika ni kanuni.

Kwa hiyo kabla ya kujiuliza utampigia nani, jua kwanza karatasi unayoishika inahesabiwa kwa kanuni gani.

Yaliyowapata Malawi

Mwezi Mei 2019, Peter Mutharika alitangazwa mshindi wa urais wa Malawi kwa asilimia 38.57. Lazarus Chakwera alipata 35.41 na Saulos Chilima 20.24. Wakati huo walitumia utaratibu wa mwenye nyingi ndiye mshindi, na Mutharika akaapishwa. Wapinzani wakaenda mahakamani. Tarehe 3 Februari 2020 mahakama ikafuta uchaguzi ule kwa kasoro nyingi, zikiwemo fomu za matokeo zilizofutwafutwa kwa wino mweupe. Majaji wakaongeza jambo ambalo wengi hawakulitegemea: neno la Katiba kuhusu wingi wa kura maana yake ni zaidi ya nusu.

Hapo ndipo hesabu ilipogeuka. Chakwera na Chilima, ambao mwaka mmoja nyuma walikuwa wanagombania kura zilezile, wakaungana. Chilima akakubali kuwa mgombea mwenza. Ukijumlisha asilimia zao za 2019 unapata 55 na kitu, yaani tayari wamevuka nusu kwenye karatasi. Uchaguzi wa marudio wa tarehe 23 Juni 2020 ulimpa Chakwera karibu asilimia 59.

Tunaomba usiishie hapo, maana wengi husimulia habari hii kana kwamba ni ya kuungana na kushinda tu. Mwaka 2022 Chilima, akiwa Makamu wa Rais, alisema hadharani kwamba makubaliano yao yalikuwa Chakwera aongoze muhula mmoja. Wananchi waliopiga kura 2020 wakajikuta wanasikiliza mabishano juu ya mapatano ambayo wao hawakuwahi kuyashika mkononi. Chilima alifariki kwa ajali ya ndege tarehe 10 Juni 2024, na mwaka huohuo chama chake cha UTM kikajitoa kwenye muungano. Septemba 2025 wagombea urais walikuwa 17 na watu wengi walijiandaa kwa duru ya pili. Haikufika huko. Mutharika yuleyule alipata zaidi ya asilimia 56 mara moja, Chakwera akabaki na 33 hivi.

Kuna jambo jingine la Malawi ambalo halitajwi sana. Sharti la kuvuka nusu ni la rais peke yake. Ubunge bado anachukua mwenye kura nyingi. Mwaka 2019, kati ya viti 193, DPP kilipata 62, MCP 55, na wabunge wasio na chama 55. Hakuna aliyekaribia nusu ya Bunge. Kwa hiyo mpiga kura wa Nkhata Bay, hapo ng'ambo ya Mbamba Bay, huchagua rais kwa kanuni moja na mbunge kwa kanuni nyingine, siku moja, kituo kimoja.

Kenya: miaka kumi ya kugawana kura

Wazee wetu watakumbuka Kenya ya 1992, vyama vingi viliporudi. Kundi kubwa la upinzani, FORD, liligawanyika vipande viwili kabla ya kura. Daniel arap Moi akapata asilimia 36 hivi. Kenneth Matiba alipata 26, Mwai Kibaki 19 na kidogo, Jaramogi Oginga Odinga 17 na kidogo. Wakenya zaidi ya sita kati ya kumi walimpigia mtu mwingine, na Moi akaendelea na kazi. Mwaka 1997 ikawa hivyohivyo, Moi akishinda kwa asilimia 40.

Mwaka 2002 wakakubali kusimama nyuma ya mtu mmoja, Kibaki, chini ya muungano wa NARC, akapata asilimia 62. Nao pia walikuwa na mapatano ya kugawana vyeo, nayo yakawatoa roho. Kufikia kura ya maoni ya Katiba ya 2005, kundi la Raila Odinga na kundi la Kibaki walikuwa pande mbili tofauti.

Katiba yao ya 2010 sasa inamtaka rais avuke nusu ya kura na pia apate angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alipita kwa asilimia 50.07. Mtu akikwambia kura moja haina uzito, mkumbushe hiyo sifuri saba.

Na sisi Tanzania?

Hapa ndipo wasikilizaji wengi hushangaa. Sheria yetu iliwahi kuwa na sharti la nusu. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, mgombea urais alitakiwa avuke nusu ya kura zote halali. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 yaliliondoa. Leo ibara ya 41 inasema anatangazwa Rais aliyepata kura nyingi zaidi kuliko mgombea mwingine yeyote. Hakuna duru ya pili. Mgombea akipata asilimia 34 na wenzake wawili wakapata 33 kila mmoja, huyo wa 34 ndiye Rais.

Halijatokea bado. Tangu 1995 kila aliyetangazwa Rais wa Muungano amevuka nusu. Aliyepata asilimia ndogo kuliko wote ni John Magufuli mwaka 2015, nayo ilikuwa 58.46. Lakini sheria haisubiri jambo litokee ndipo iwe sheria. Maana yake kwako ni hii: kwenye karatasi ya urais huna nafasi ya kusema "kwanza nitampigia wa moyoni, duru ya pili nitaangalia." Siku ni moja.

Ubunge na udiwani nao ni mwenye nyingi ndiye mshindi. Ila karatasi ya ubunge ina siri yake, na kwa maoni yetu ndiyo jambo linalofahamika kidogo kuliko yote katika uchaguzi wetu. Kura yako ya ubunge inafanya kazi mara mbili. Mara ya kwanza inahesabiwa jimboni kumpata mbunge. Mara ya pili inakusanywa na kura za ubunge za nchi nzima ili kugawa viti maalum vya wanawake, ambavyo ni zaidi ya 100. Chama kilichofikisha angalau asilimia 5 ya kura halali zote za ubunge kinapata mgawo kulingana na uwiano wake.

Maana yake ni kwamba mama wa Namtumbo aliyempigia mgombea aliyeshika nafasi ya tatu jimboni hakutupa kura yake porini. Mgombea wake ameanguka, lakini kura imekwenda kwenye kapu la chama. Kama kapu hilo nchi nzima limefika asilimia 5, linazaa wabunge. Kama halikufika, hapo ndipo kura inapokauka. Karatasi ya urais haina kapu la namna hiyo.

Bunge likikosa mwenye wingi

Katiba yetu imeliwaza hili pia. Ibara ya 51 inamtaka Rais, ndani ya siku 14 baada ya kushika madaraka, ateue Waziri Mkuu kutoka kwa wabunge wa majimbo wa chama chenye wabunge wengi. Kama hakuna chama chenye wingi huo, atateua mbunge anayeelekea kuungwa mkono na wabunge walio wengi. Kisha Bunge lenyewe lazima limthibitishe kwa kura. Hapo vyama vitalazimika kukaa mezani: wewe utatuunga mkono kwa nini, na sisi tutakupa nini. Ndiyo serikali ya mseto.

Na uzito hauishii kwa Waziri Mkuu. Bajeti inapita kwa kura za wabunge, na Bunge likiikataa, Katiba inamruhusu Rais kulivunja. Yaani mnaweza kurudi kituoni kabla ya miaka mitano.

Zanzibar walichagua njia nyingine. Baada ya miaka ya chaguzi zilizokaribiana mno na zilizoacha majeraha (1995 Salmin Amour alitangazwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad), wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010. Asilimia 66 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Tangu hapo chama kinachoshika nafasi ya pili, kikifikisha kiwango cha kura kilichowekwa, kinatoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Mzanzibari anayejua mgombea wake hatashika namba moja bado ana sababu ya kwenda kituoni. Bara hatuna kitu hicho.

Usipuuze baraza la madiwani

Watu hubishana sana juu ya Ikulu, lakini mahali ambapo kukosekana kwa wingi kumeshatokea hapa nchini ni kwenye halmashauri. Wananchi hawamchagui meya wala mwenyekiti wa halmashauri. Madiwani ndio wanaomchagua. Kwa hiyo chama kisipokuwa na madiwani wa kutosha, ni lazima kitafute wenzake.

Baada ya uchaguzi wa 2010, Arusha mjini CCM na CHADEMA walikaribiana kwa idadi na TLP ikawa na madiwani wachache. Ukaibuka mgogoro wa nani alikuwa na haki ya kupiga kura na kama uchaguzi wa meya ulikuwa halali. Maandamano ya tarehe 5 Januari 2011 yaliishia kwa vifo. Chanzo kilikuwa hesabu ya kura chache ndani ya ukumbi mmoja.

Jiji la Dar es Salaam lilipita njia nyingine baada ya 2015. Vyama vya UKAWA vilikuwa vimeunganisha nguvu tangu kabla ya uchaguzi, na Machi 2016, baada ya uchaguzi wa meya kuahirishwa zaidi ya mara moja, madiwani na wabunge wao walipiga kura pamoja na Isaya Mwita wa CHADEMA akawa Meya wa Jiji. Lakini UKAWA haohao, kwenye baadhi ya majimbo kama Segerea, walishindwa kuachiana na kusimamisha wagombea wawili, na kiti kikaenda CCM. Muungano wa jukwaani si lazima uwe muungano wa jimboni kwako. Uliza kwanza.

Sasa uamueje?

Hatukwambii umpigie nani, na hatutakwambia. Lakini mtu wa Liuli aliuliza swali la haki, na haifai tumjibu kwa kumpa historia ya Malawi tu.

Anza kwa kuzitenganisha karatasi zako. Kwenye kampeni utasikia "mafiga matatu", yaani rais, mbunge na diwani wa chama kimoja. Chama kina haki ya kukuomba hivyo. Lakini sheria imekupa karatasi tatu, si moja, kwa sababu ni maamuzi matatu. Unaweza kukuta kwenye udiwani ushindani ni kati ya watu wawili unaowajua kwa majina ya utotoni, kwenye ubunge ni kati ya watatu, na kwenye urais hali ni nyingine kabisa. Kinachofaa kwenye moja huenda kisifae kwenye nyingine.

Kisha jua nani hasa yuko karibu kushinda mahali pako. Hili ni gumu, na hapa watu wengi hudanganyika. Umati wa mkutano wa kampeni si kipimo. Wengine wamefuata muziki, wengine wameletwa kwa lori. Takwimu zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp bila jina la aliyezifanya ziache zipite. Kipimo bora ulichonacho ni matokeo ya uchaguzi uliopita ya jimbo na kata yako, yale yaliyotangazwa na msimamizi wa uchaguzi, pamoja na unachokiona kimebadilika tangu siku hiyo: nani amehama, nani ameungana na nani.

Ukishajua, unabaki na njia mbili, na zote ni za heshima. Ya kwanza ni kumpigia unayemwamini hata kama ni wa tatu. Kwenye ubunge tumeona kwamba njia hiyo ina faida yake kupitia kapu la viti maalum, hasa kama chama chako kinapigania kuvuka ile asilimia 5. Ya pili ni kumpigia wa pili moyoni mwako ili usimpitishe yule usiyemtaka kabisa. Hii ina maana tu pale ambapo wawili wa juu wamekaribiana kweli. Kama mmoja ameshawaacha mbali, kuhama kwako hakubadili mshindi, na umelipoteza kapu bure.

Tuseme pia wazi kwamba hesabu hizi zote zinahitaji majina kwenye karatasi. Oktoba 2025 CHADEMA hakikushiriki uchaguzi mkuu. Jina lisilokuwepo halina nafasi ya pili wala ya tatu.

Swali ambalo sisi tungependa kila mgombea aulizwe kwenye mkutano, na tunaliuliza studio kila tunapompata mmoja, ni hili: chama chako kikikosa wingi utakaa na nani, na kitu gani hutakiuza mezani? Mkulima wa mahindi wa Songea anataka kusikia habari ya mbolea ya ruzuku. Mkulima wa korosho wa Tunduru anataka kusikia stakabadhi ghalani. Wa Mbinga ana kahawa yake na ushuru wake. Mgombea akijibu "sisi tutashinda tu, hilo halipo", hajakujibu. Waliojibiwa hivyo Malawi na Kenya waligundua baadaye kwamba mapatano yalikuwepo, ila yalifanywa bila wao. Akikutajia muungano, muulize umeandikwa wapi na unaweza kusomwa na nani.

Maswali mawili yaliyobaki kwenye simu

Msikilizaji wa Peramiho aliuliza kama anaweza kuchagua mtu asiye na chama, kama wale 55 wa Malawi. Hapana. Katiba yetu inamtaka mgombea awe mwanachama aliyependekezwa na chama. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo mahakamani kwa miaka mingi, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikubaliana naye, lakini Katiba haijabadilishwa.

Wa Nyasa aliuliza: Bunge likikosa mwenye wingi, je, mbunge wangu hawezi kununuliwa ahamie upande wenye cheo? Kuhama anaweza, ila hahami na kiti. Ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni anapoteza ubunge. Anachoweza kufanya bila kupoteza kiti ni kubaki kwenye chama chake na kupiga kura pamoja na wale ambao viongozi wake wamekubaliana nao. Kwa hiyo mzee wangu, ukitaka kujua mbunge wako atakaa upande gani, usimwangalie yeye peke yake, waangalie na wanaoshika kadi yake.